Gari limechemka: pima injini kabla hujakubali hedi ifunguliwe

Gari likichemka kuna maswali mawili, na mara nyingi gereji hujibu moja tu. La kwanza: kwa nini limechemka? La pili: joto hilo limeharibu nini ndani? Ukitengeneza chanzo bila kupima madhara, utarudi gereji baada ya wiki chache maji yakiwa yamepungua tena bila kuonekana yanakopotelea. Ukitengeneza madhara bila kushughulikia chanzo, utachoma gasketi mpya kwa kosa lile lile la zamani.

Nairobi jambo hili hutokea kila siku, hasa jioni kwenye msongamano wa Jogoo Road, Mombasa Road au Outering, pale gari linapotambaa na upepo pekee unaopita kwenye rejeta ni ule wa feni. Fundi anafika, anatazama mvuke, anasema, "Mkubwa, hiyo ni gasketi ya hedi, tufungue." Hedi ni kichwa cha injini kinachofunika bloku yenye silinda, na gasketi ndiyo inayoziba kati ya viwili hivyo. Huenda fundi anasema kweli. Lakini mvuke hausemi ni gasketi, na hedi ikishafunguliwa huwezi tena kupima kopresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, wala kupiga presha kwenye rejeta ili ujue hasa palipokuwa na shida. Kuna vipimo ambavyo havihitaji kufungua chochote zaidi ya plagi, na kila mwenye gari ana haki ya kudai vifanywe mbele ya macho yake kabla hajatoa pesa za hedi.

Nimevipanga kuanzia visivyo na gharama hadi vya gharama. Mfano wangu ni injini ndogo ya petroli ya silinda nne, kama zile za Probox, Fielder na Vitz, kwa kuwa ndizo zimejaa mjini. Penye tofauti kwa Subaru au dizeli nitasema.

Hapo hapo barabarani

Zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, toka barabarani, zima injini. Usiseme utalisukuma hadi petroli steshoni iliyo mbele. Injini nyingi hufia katika zile dakika chache za kutaka kufika mahali.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani yamepita digrii 100 na hayajageuka mvuke kwa sababu tu yamebanwa. Ukiyafungulia yatalipuka na kukuunguza uso na mikono. Usiingize maji baridi, wala usiyamwage juu ya injini kama wasamaria wema watakavyokushauri. Hedi ya alumini iliyo moto kupindukia ikipozwa ghafla hupata nyufa, na mara nyingi ufa hutokea kwenye ule ukuta mwembamba kati ya viti vya valvu, ile milango midogo ya hewa na moshi. Subiri saa nzima au zaidi, mpaka uweze kulishika paipu kubwa la juu la rejeta kwa mkono bila kuuachia.

Magari mengine hayana mshale wa temprecha kabisa. Vitz na Passo nyingi zina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto, na ile nyekundu ikiwaka ujue umeshachelewa. Hata wenye mshale wasiuamini kupita kiasi. Sensa hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakiisha, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka huku chuma kikiendelea kuungua. Kwa hiyo dereva akikuambia, "Ulipanda, halafu ukashuka wenyewe," hiyo si habari njema. Ichukulie kama ishara kwamba injini ilikimbia ikiwa kavu.

Pata historia kabla ya kushika spana

Kama hukuwa wewe nyuma ya usukani, muulize aliyekuwepo, na umuulize bila kumtisha. Dereva wa gari la kazi anayeogopa kukatwa mshahara atapunguza dakika, na dakika ndizo unazozitafuta. "Kaka, sitaki kukulaumu. Nataka kujua tu: taa ilipowaka, ulienda nalo mpaka wapi?" Kutoka Bellevue hadi Nyayo Stadium ni jambo moja. Kutoka Bellevue hadi Westlands ni jambo lingine kabisa.

Uliza pia kama injini ilipoteza nguvu, kama ilisikika ikigonga ilipokanyagiwa mafuta, kama ilizima yenyewe au ilizimwa, na kama kuna mtu aliongeza maji ikiwa moto. Injini iliyozima yenyewe ikiwa safarini, halafu stata ikashindwa kuizungusha, huenda pistoni zimetanuka zikakwaruza kuta za silinda. Hiyo usijaribu kuiwasha tena. Ita brekdauni, na gari likiwa la otomatiki dai lile la kubeba, si la kuvuta magurudumu ya mbele yakizunguka barabarani.

Yaandike majibu. Utayarudia vipimo vikianza kutoa namba.

Injini ikiwa baridi: tazama maji, oili na gia boksi

Fungua kifuniko cha rejeta na utazame maji yamefika wapi. Fuata mapaipu, kona za tangi za plastiki za rejeta, sehemu ya chini ya pampu ya maji, na zulia la upande wa abiria, maana rejeta ndogo ya hita huvujia huko. Alama nyeupe au za kijani zilizokauka huonyesha njia ya maji hata kama sasa hakuna tone. Ukipata paipu lililopasuka, usishangilie mapema. Umepata chanzo, madhara bado hujayajua.

Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili iliyochanganyika na maji hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa, na ukiiona hivyo usiiwashe injini hata kwa sekunde kumi, kwa sababu mchanganyiko huo haulindi beringi zinazobeba kranki, shafti kuu ya injini. Hapa kuna makosa mawili ambayo huwatia watu hasara. La kwanza ni kuona utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili na kukata kauli kwamba gasketi imekwisha. Miezi ya Juni na Julai, gari linalokwenda safari fupi za asubuhi hupata utando huo kwa unyevu wa hewa tu. Kama oili ya kijiti ni safi na maji hayapungui, utando peke yake hauthibitishi chochote. La pili ni kuona oili safi na kukata kauli kwamba gasketi ni nzima. Gasketi inaweza kupasuka kati ya silinda na njia ya maji, au kati ya silinda mbili, bila tone la maji kuingia kwenye oili.

Ukiona mafuta yakielea ndani ya rejeta, usiirukie hedi. Magari mengi ya otomatiki hupoza mafuta ya gia boksi ndani ya tangi la chini au la pembeni la rejeta. Kipozeo hicho kikitoboka, mafuta na maji hukutana. Chomoa kijiti cha gia boksi kama kipo: mafuta yakiwa yamegeuka waridi lenye povu, mgonjwa wako ni rejeta, na gia boksi iko hatarini kuliko injini.

Toa plagi kabla ya kupiga stata

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na kuruka kwake kumeua injini ambazo zingepona. Maji hayabanwi. Kama usiku kucha maji yamedondokea ndani ya silinda moja na wewe ukapiga stata, pistoni itapanda, itakutana na maji yasiyo na pa kwenda, na konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, itapinda. Gasketi ya kubadilishwa inageuka kuwa injini ya kutupwa.

Kwa hiyo toa koili, toa plagi zote nne, na uzilaze kwenye gazeti kwa mpangilio wa silinda zao. Zitazame pamoja. Plagi za gari linalotumika huwa na rangi ya kahawia au kijivu kwenye ncha. Niliona Probox moja pale Grogan, mtaa wa gereji hapa Nairobi, ambayo plagi tatu zilikuwa na rangi hiyo, na ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe, safi, kana kwamba imetoka dukani leo. Ilikuwa imeoshwa na mvuke. Maji yalikuwa yakiingia kwenye silinda hiyo na kuungua pamoja na petroli, na hakuna moshi mwingi aliokuwa ameuona mwenye gari. Kamera ndogo ya kuchungulia inayounganishwa na simu ingeonyesha jambo hilo hilo kwenye kichwa cha pistoni: zenye afya zina masizi, inayooshwa inang'aa.

Plagi zikiwa nje, zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye bolti ya puli ya kranki, mizunguko miwili kamili, upande injini inakozungukia. Inapaswa kwenda laini. Ikikwama au ukisikia mkwaruzo, simama. Ikizunguka vizuri, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, jiweke kando ya matundu ya plagi, halafu mtu apige stata sekunde tatu. Tundu litakalotema maji limejitaja lenyewe.

Kopresheni, na mwinuko wa Nairobi

Sasa leta geji ya kopresheni, ile ya kufunga kwa nyuzi, si ya kukandamiza kwa mkono. Betri iwe imejaa. Plagi zote ziwe nje, petroli imekatwa, koili zimechomolewa, na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Piga stata mpaka mshale wa geji upande mara tano au sita. Andika namba, nenda silinda inayofuata, piga idadi ile ile.

Usizilinganishe namba hizo na kitabu moja kwa moja. Vitabu vya watengenezaji huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa huo, na hewa yetu ina shinikizo la takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Silinda inayovuta hewa nyepesi hubana hewa nyepesi. Injini ya 1NZ-FE, ile ya Probox na Fielder nyingi, kitabuni hupewa 213 psi (kipimo cha shinikizo) ikiwa nzima na 156 kama kiwango cha chini kabisa. Hapa kwetu injini nzima itaonyesha kama 175, na kiwango cha chini kinashuka hadi karibu 128. Nimesikia watu wakiambiwa ringi, zile pete zinazoziba kando ya pistoni, zimekwisha kwa sababu geji ilisoma 165 kwenye silinda zote nne. Injini hiyo haikuwa na neno.

Kwa hiyo kilicho muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda. Kwa injini hiyo kitabu kinaruhusu tofauti ya 14 psi hivi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, kwa mfano ya 2 na ya 3 zinasoma 90 huku nyingine zikisoma 170, gasketi imeungua kati yao, na hapo ushahidi ni mzito. Silinda moja ikiwa chini, inaweza kuwa gasketi, valvu au ringi. Zote zikiwa chini sawasawa, kwanza hakikisha betri haijachoka na mafuta yamekanyagwa kweli. Kama hayo yako sawa, huenda ringi zimepoteza ukakamavu kwa joto, jambo linalotokea injini ikikimbia kavu kwa muda mrefu.

Kutofautisha, tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda iliyo chini na upime tena. Namba ikipanda sana, hewa ilikuwa ikipita kwenye ringi na oili imeziba. Isipobadilika, inapita juu: valvu au gasketi. Kwenye Subaru silinda zimelala, oili haisambai vizuri, kwa hiyo jibu la kijiko usilitegemee sana. Dizeli nayo ina kopresheni kubwa mno kwa geji ya petroli. Inahitaji geji yake, inayofungwa mahali pa plagi ya moto au nozeli.

Upepo wa kompresa husema unakotokea

Kama gereji ina kompresa, kuna kipimo ambacho mimi hukiamini kuliko geji ya kopresheni. Peleka pistoni ya silinda unayoishuku juu kabisa, katika mpigo ambao valvu zote mbili zimefungwa, kisha ingiza upepo kupitia tundu la plagi na usikilize. Upepo unaweza kuisukuma pistoni na kuzungusha kranki, kwa hiyo usiache spana kwenye puli na usiweke mkono karibu na mkanda.

Mlio ukisikika kwenye mdomo wa kuvutia hewa, valvu ya kuingiza haifungi. Kwenye ekzosti, ni valvu ya kutolea. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Maji ya rejeta yakianza kutoa viputo, gasketi au hedi imefungua njia. Upepo ukitokea kwenye tundu la plagi la silinda jirani, gasketi imekatika kati yake. Ukiwa na geji inayoonyesha asilimia ya upepo unaopotea, chini ya 10 ni nzuri, na ikipita 20 kuna la kutafuta. Hiki kipimo hakibishaniwi, kwa sababu wewe mwenyewe mwenye gari unasikia kwa sikio lako.

Piga presha kwenye rejeta

Pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta hukodishwa, na gereji nyingi nzuri wanayo. Jaza maji, funga, pampu hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko chako, mara nyingi 0.9 au 1.1, yaani karibu baa moja ya shinikizo. Usizidishe. Acha nusu saa. Mshale ukishuka na ukaona maji yakitoka nje, umepata. Ukishuka na nje kukiwa kukavu kabisa, maji yanaingia ndani: iache ikiwa na presha, toa plagi, zungusha kwa mkono, chungulia tena.

Na hicho kifuniko chenyewe kipimwe, kwa sababu Nairobi kina kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Maji matupu kwenye mwinuko huu huchemka kwa digrii 94 hivi. Thamostati za magari mengi hufunguka kati ya 80 na 88, na feni nyingi huanza kuzunguka zikiwa zimeshapita 90. Bila presha, gari linaweza kuchemsha kabla feni haijashika kazi sawasawa. Kifuniko kizima cha 1.1 hupandisha kiwango hicho hadi karibu digrii 119. Mpira wake ukiwa umekauka au springi imelegea, gari litachemka kwenye msongamano huku rejeta, pampu na feni zote zikiwa nzima.

Kuwasha, kama vipimo vimeruhusu

Washa tu kama oili ni safi, hakuna silinda yenye maji, na injini inazunguka laini. Jaza kulanti (dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji) na utoe hewa kwanza, kwa sababu hewa iliyonaswa hutoa viputo vinavyofanana na vya gasketi. Viputo vya hewa huisha baada ya dakika kadhaa. Vya gesi ya silinda haviishi, na huongezeka ukikanyaga mafuta.

Shika paipu la juu injini ikiwa bado baridi. Likiwa gumu kama limejazwa upepo ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Uthibitisho ni ile dawa ya bluu ya kupimia gesi: unaiweka kwenye chupa yake juu ya mdomo wa rejeta, unavuta hewa ya juu ya maji ipite ndani yake. Ikibadilika kuwa ya manjano, au kijani kwa dizeli, kuna gesi ya moto ndani ya rejeta. Punguza maji kidogo kabla ya kupima, maana kulanti ikiingia kwenye dawa jibu linaharibika.

Wenye Subaru za injini ya EJ25 wawe wavumilivu hapa. Gasketi zake zinaweza kushika vizuri gari likiwa limesimama, kopresheni ikasoma vizuri, kisha zikapitisha gesi mlimani tu. Kipimo cha dawa kifanywe baada ya kuliendesha likapata moto na mzigo, huku ukitazama chupa ya akiba kama inatoa viputo.

Chini ya injini

Joto kali huifanya oili kuwa nyepesi, na beringi ndizo hulipia. Mwaga oili kwenye beseni safi, itazame juani. Kata kichujio cha oili, ukunjue karatasi yake. Vumbi la kung'aa la rangi ya shaba au fedha linatoka kwenye beringi. Kama injini ilishawashwa, sikiliza mlio mzito wa kugonga unaotoka chini na unaoongezeka ukikanyaga, kisha funga geji ya presha ya oili mahali pa sensa na ulinganishe na kitabu cha injini yako. Injini yenye presha mbovu ya oili haina faida kutengenezewa hedi.

Hedi ikifunguliwa, dai ipimwe

Vipimo vikishakuelekeza juu, fungua, lakini usikubali gasketi mpya iwekwe juu ya hedi ambayo haijapimwa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu kwa joto lile lile, na hedi imebanwa na bolti zisizoiruhusu kutanuka itakavyo. Ndiyo maana hupinda.

Isafishwe bila kukwaruzwa, iwekwe rula ya chuma iliyonyooka kabisa, na fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) ipitishwe chini yake: kwa urefu pande zote mbili, kwa upana, na kwa pembe mbili za mshazari. Kwa injini nyingi ndogo za petroli mwisho wa kuruhusiwa ni milimita 0.05, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Fundi akiitazama juani akasema imenyooka, bado hajapima. Uso wa bloku nao upimwe vivyo hivyo, na huu husahaulika mno.

Ikiwa imepinda, kuna karakana za mashine Industrial Area na Kariobangi zinazoskimu hedi, yaani kusawazisha uso wake kwa mashine. Kabla ya kuskimu, hedi ipigwe presha ndani ya maji ya moto na ipakwe dawa ya kuonyesha nyufa, kwa sababu hakuna maana ya kunyoosha hedi iliyopasuka. Laza kemshafti, shafti inayofungua valvu, mahali pake na uizungushe kwa mkono: ikikwama, hedi imepinda mpaka juu, na kuskimu uso wa chini hakutaponya hapo. Uliza pia unene uliobaki na ulinganishe na kitabu. Bolti za hedi zipimwe urefu au zinunuliwe mpya, na zikazwe kwa torki na nyuzi za pembe kwa mpangilio wa kitabu, kuanzia katikati kwenda nje.

Gasketi au injini nyingine

Hapa nitasema ninavyoona. Gasketi imekatika, hedi haina ufa, kuta za silinda hazina mikwaruzo, oili ilikuwa safi: tengeneza bila wasiwasi. Silinda zimekwaruzwa, au beringi zimeacha vumbi, au hedi imepinda pamoja na njia za kemshafti: injini ya mtumba kutoka Japani huenda ikakugharimu kidogo kuliko kukarabati yote, mradi nayo uipime kopresheni kabla ya kulipa. Dai risiti yenye namba ya injini, na upeleke mabadiliko hayo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili namba kwenye logibuku ilingane na iliyo ndani ya gari. Siku ya kuuza ama ya ajali, namba isiyolingana itakusumbua sana.

Rudi kwenye chanzo

Kabla gari halijatoka gereji, uone kwa macho feni ikiwaka yenyewe joto likipanda. Thamostati itiwe kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto, mtazame inafunguka kwa digrii ngapi. Rejeta iguswe kote ikiwa moto: sehemu iliyobaki baridi imeziba.

Na tafadhali kataa thamostati "itolewe tu". Desturi hii imeenea mjini na inaumiza magari. Katika injini nyingi, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na siku ya mlima utachemka tena. Siku nyingine injini itakimbia baridi na kunywa petroli. Weka mpya, na ujaze kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Maji ya kisima huacha chumvi kwenye rejeta.

Safari ya majaribio

Usilijaribu kwa kuzunguka mtaa. Unganisha skena ndogo inayosoma joto la maji kwenye simu, mtu mwingine aishike, mpande Waiyaki Way kutoka Kangemi kuelekea Limuru, ambako barabara hupita mita 2,200. Kwenye mlima joto likikaa kati ya 85 na 100, likipanda kidogo na kushuka, endelea. Likipanda bila kushuka, egesha, lipoe, urudi kwenye kipimo cha rejeta. Mkirejea, liache lingurume dakika ishirini kiyoyozi kikiwa kimewashwa, uone feni inaliweza bila upepo wa barabarani.

Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko: maji yawe yamejaa hadi mdomoni na paipu la juu liwe laini. Tia alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba. Angalia alama hiyo kila asubuhi kwa wiki mbili, pamoja na kijiti cha oili, na badilisha oili na kichujio baada ya kilomita 500 kama kulikuwa na dalili yoyote ya maji ndani yake. Maji yakishuka chini ya alama bila kuvuja nje, rudisha gari kwa fundi likiwa bado na nguvu zake, ukiwa na karatasi ya namba zako za kopresheni mkononi.